Kiangazi Ambacho Tessa Hakukiandika

Tessa Pelkey alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa viangazi viwili alikuwa ameosha vyombo katika jiko la Kambi ya Pemmet, ng'ambo ya ziwa, huko kaskazini mwa Maine. Mwaka huo Ginny, mwanamke mwenye kambi, alimpandisha cheo. Angekuwa mlezi: alale kibanda kimoja na wasichana wadogo, awaamshe asubuhi, awafundishe kupiga kasia, awapake dawa ya mbu. Tessa aliipeleka habari hiyo mezani kwao akidhani itapokewa kwa shangwe.

"Kambi tena?" alisema baba yake, Wendell, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Alikuwa mtu wa kiwanda cha karatasi mpaka kiwanda kilipofungwa. Siku hizi aliendesha lori la magogo. "Si uende kwa shangazi yako, kwenye ghala la viazi? Pale watu wanafanya kazi. Kule unalipwa kucheza na watoto wa wenye nazo."

"Kucheza? Hebu wewe jaribu kuamsha watoto wanane, baba."

"Nilishindwa na wewe mmoja."

Mama yake, Darlene, aliyekuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, alikuwa na lake. "Yule mama Fournier aliyekuja kung'olewa jino leo, mwanawe kaingia chuo kikubwa huko Massachusetts. Mnajua kiangazi alifanya nini? Alikuwa maabara, anapasua panya."

"Panya?"

"Panya. Watu wa vyuo wanawapenda panya kweli kweli."

"Sasa mimi nitawatoa wapi panya, mama?"

"Ghalani kwa shangazi yako wamejaa," alisema Wendell, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka.

Hakuna aliyekuwa akimtania kwa ubaya. Katika ukoo wa Pelkey hapakuwa na mtu aliyewahi kukanyaga chuo, kwa hiyo kila mmoja alishika kile alichokisikia njiani akakileta nyumbani. Tessa aliona heri amwulize mtu anayejua. Kesho yake aligonga mlango wa Bi. Haskell, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, mwanamke mwenye sauti ya pole na kikombe cha kahawa kisichokauka.

"Kazi ya kambini inasaidia kuingia chuo au haisaidii?"

"Inasaidia," alisema Bi. Haskell.

"Sawa. Asante."

"Ila inaweza isisaidie."

Tessa, ambaye alikwisha kushika kitasa, akarudi akaketi.

"Ninachosema ni hivi," Bi. Haskell aliendelea. "Wanaosoma maombi wanakutana na walezi wa kambi wengi mno, wote wanasema walijifunza uongozi. Kazi yenyewe si hoja. Hoja ni utakavyoisimulia kwenye insha yako. Ni jambo gani lililokugusa? Lipi lililokubadilisha? Nenda, mwanangu, lakini kaa macho. Likitokea utalijua."

"Na lisipotokea?"

"Litatokea tu."

Basi Tessa akaenda Pemmet mwezi wa sita kama mtu aliyetumwa kituoni kumpokea mgeni asiyemjua sura wala jina. Kila kitu akakitazama kwa jicho la kuuliza: ni wewe? Mtoto akidondoka kwenye mtumbwi, ni hili? Ndege mkubwa wa ziwani akilia alfajiri, au ni hili? Siku zikapita, akachoka kutazama.

Jikoni, mahali pake pa zamani penye beseni, alimkuta kijana wa rika lake aitwaye Hollis Brandt, kutoka Connecticut, mrefu, mwenye mikono isiyojua sabuni. Siku ya kwanza alikuwa akisugua sufuria ya uji kwa upande laini wa sponji.

"Geuza," Tessa alimwambia.

"Aa. Kumbe ina pande mbili."

"Wewe imekuwaje ukaja kuosha vyombo?"

"Nimeambiwa. Wazazi wangu wamenikodia mshauri wa mambo ya vyuo. Anasema vyuo vimechoka na watoto wanaokwenda nchi za mbali kujenga choo na kupigwa picha. Sasa hivi wanataka kazi halisi, ya mikono. Kadiri inavyonuka ndivyo inavyofaa."

"Mimi nimesimama hapo hapo ulipo miaka miwili."

Hollis aliacha kusugua. "Miaka miwili ya sufuria? Halafu ukaiacha? Dada yangu, umerogwa? Ungekaa na huu wa tatu!"

Tessa alicheka, lakini usiku kucha, na siku iliyofuata vilevile, maneno hayo yalimkaa kama kijiwe ndani ya kiatu. Yeye alikwenda jikoni kwa sababu mjini kwao hapakuwa na kazi nyingine ya mtoto wa miaka kumi na tano. Kumbe kulikuwa na watu wanaolipa ili mtoto wao ashauriwe kufanya hivyo hivyo. Na yeye alikuwa amepandishwa akashangilia. Sasa alipanda au alishuka?

Ilikuwa wiki ya pili ndipo alipogundua habari ya Cleo. Cleo alikuwa na miaka minane, kutoka Boston, mtoto mwembamba anayejua majina ya nyoka wote na hapendi kushikwa mkono. Alfajiri moja Tessa aliamka kabla ya kengele akamkuta ameketi sakafuni kando ya kitanda chake, amevaa koti la mvua juu ya nguo za kulalia zilizolowa, akiwa amekumbatia shuka.

Tessa alichuchumaa. Akachukua shuka, akaliingiza kwenye mfuko wa nguo chafu, akampa mtoto kaptura kavu, akatandika upya kwa shuka lake mwenyewe. Wengine walikuwa bado wamelala.

"Usimwambie mtu," Cleo alinong'ona.

"Simwambii."

"Hata Ginny."

"Hata Ginny."

"Hata mama. Nimemwambia nyumbani imeshaisha. Ndiyo maana akaniruhusu kuja. Sema naahidi."

"Naahidi."

Mashine ya kufulia ilikuwa kwenye kijumba nyuma ya jiko, na kijumba kilifungwa kwa ufunguo uliotundikwa jikoni. Kwa hiyo kila alfajiri aliyohitaji ufunguo, Tessa alimkuta Hollis, ambaye zamu yake ilianza mapema.

"Nimemwaga chai kitandani," Tessa alisema siku ya kwanza.

"Pole."

Siku ya tatu: "Chai tena."

"Wewe hunywi chai," Hollis alisema. Akamtazama, akautazama mfuko, akageuka kuvunja mayai kwenye bakuli. Hakuuliza tena. Lakini tangu hapo kila alfajiri Tessa aliukuta mlango wa kijumba uko wazi, na mataulo ya jikoni yamerundikwa juu ya mashine, tayari kuchanganywa na chochote atakacholeta mtu. Tessa alimshukuru kwa kumwekea, kutoka sahani yake, kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaangwa ikawa kavu, kama Hollis alivyoipenda. Hawakuwahi kulitaja jambo lenyewe.

Mambo karibu yaharibike siku moja Tessa alipochelewa kuamka. Alishtuka kwa sauti ya Blythe, msichana wa kitanda cha juu, mwenye pua kali na mdomo usio na mlango.

"Kuna harufu! Inatoka kwa Cleo! Cleo ni kikojozi!"

Wasichana wote wakainua vichwa. Cleo alijifunika blanketi hadi usoni.

Tessa alisema jambo la kwanza lililomjia. "Paa linavuja. Hapo juu ya kitanda cha Cleo. Niliwaambia watu wa matengenezo tangu juzi."

Blythe alilitazama paa. "Lakini mvua haijanyesha."

"Umande."

"Umande unavuja?"

"Huku Maine unavuja. Umeishi Maine, wewe?"

"Sijaishi."

"Basi. Na harufu ni ya mbao kuukuu zikilowa. Cleo, hamia kitanda changu. Mimi nitalala hapo mpaka mafundi wa paa waje."

Mafundi wa paa, bila shaka, hawakuja. Tessa alilala kwenye godoro lile mpaka mwisho wa msimu, akiwa ameligeuza na kulisugua kwa maji ya siki, na Blythe akawa kila asubuhi anamwuliza kwa huruma kama umande umemnyeshea. Lililomchanganya Tessa ni jinsi uongo ule ulivyomtoka kirahisi na jinsi alivyojisikia vizuri baada ya kuusema. Nyumbani kwao uongo ulikuwa uongo.

Ikaja siku ya wazazi. Mama yake Cleo, mwanamke mwenye nywele fupi na miwani mizito, alimvuta Tessa kando karibu na gati. "Niambie, analalaje?"

Tessa aliona macho yale yanajua kila kitu. Aliona pia, nyuma ya bega la mama, Cleo amesimama kando ya mtumbwi, ameganda kama kijiti. Kusema kulikuwa haki ya mzazi. Kunyamaza kulikuwa ahadi.

"Analala vizuri," alisema.

Yule mama alirekebisha miwani yake. "Asante," alisema hatimaye, na Tessa hakujua ameshukuriwa kwa kusema ukweli au kwa kudanganya.

Siku ya kuondoka, mwezi wa nane, wasichana walimning'inia shingoni huku wakilia. Blythe ndiye aliyelia kuwapita wote. Cleo alibeba begi lake, akapita mbele ya Tessa bila kumtazama, akaingia garini, akafunga mlango. Gari liliondoka. Tessa alibaki na mkono umeinuliwa nusu, hajui aupunge au aushushe.

Shule ilipofunguliwa, Bi. Haskell alisoma insha yake ya kwanza. Ilihusu kuwafundisha watoto kuugeuza mtumbwi uliopinduka.

"Ni safi," alisema. "Haina kosa hata moja."

"Lakini?"

"Lakini ningeweza kuiokota popote. Tessa, umekaa na watoto wale kiangazi kizima. Hakuna mmoja aliyekugusa moyo?"

Tessa aliichukua insha yake mezani. "Hakuna," alisema, na uso ukamwaka.

Alirudi nyumbani hajui ashike lipi. Insha ilikuwepo, alijua hivyo. Ilikuwa imekaa kifuani pake nzima, ina mwanzo na katikati, na mtu yeyote angeielewa. Lakini ilikuwa ya mtoto aliyemwomba asimwambie mtu. Je, watu wa chuo ni watu? Wako mbali, hawamjui Cleo, hawatamjua. Akibadilisha jina, akamfanya mvulana, nani atajua? Aliandika aya moja. Akaisoma, akaona ni nzuri, akaifuta, halafu akajuta kuifuta.

Aliwauliza wazazi wake bila kuwaeleza kitu. "Mtu akikuambia siri, halafu siri hiyo ikaweza kukufaa wewe, na yeye haitamdhuru, unafanyaje?"

"Siri ya nani?" mama yake aliuliza palepale.

"Ya mtu."

"Ya mvulana?"

"Mama!"

"Yasiyokuhusu yaache yalivyo," alisema Wendell. "Ila kama yanakufaa kweli, sijui. Sijawahi kuwa na siri inayomfaa mtu."

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, Hollis alimpigia simu ya video. Alikuwa amenyoa nywele na alionekana mdogo kuliko alivyokuwa jikoni.

"Nimemaliza insha yangu," alisema. "Mshauri wangu anasema katika miaka yake yote hajasoma nzuri kama hii. Nataka nikusomee kwanza, kwa sababu... we sikiliza tu."

Akasoma. Ilikuwa habari ya alfajiri, na mlango wa kijumba unaoachwa wazi, na mataulo yanayorundikwa ili shuka moja lisionekane. Katika insha yake hapakuwa na Tessa. Palikuwa na mlezi fulani asiye na jina, anayepita mbio, na mvulana wa kuosha vyombo anayeelewa bila kuambiwa. Mtoto hakutajwa jina. Kila kitu kilikuwa kweli. Tessa alisikia machozi yanamjia, akawa hajui analia kwa sababu imeandikwa vizuri au kwa sababu amekasirika.

"Unalia," Hollis alisema. "Nifute?"

"Sijui."

"Nimeiba?"

"Sijui, Hollis. Kama umeiba, sijui umemwibia nani."

"Kama unataka kuiandika wewe, sema. Wewe ndiye uliyebeba shuka. Mimi nilifungua mlango tu."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Tessa alikata simu, akatoka nje kumsaidia baba yake kupanga kuni, akazipanga ovyo mpaka Wendell akamwambia aende zake ndani. Siku mbili baadaye Tessa mwenyewe alimpigia Hollis.

"Futa."

"Ili uandike wewe?"

"Hapana. Kwa sababu nilimwahidi."

"Mimi sikumwahidi mtu, Tess."

"Najua."

"Kwa hiyo ahadi yako inanifunga mimi? Kivipi?"

"Sijui kivipi! Nakuomba tu. Ukitaka usifute, siwezi kukushika mkono."

"Nitafikiria," Hollis alisema, akaaga.

Tessa naye akaandika jambo ambalo hakutarajia kuliandika. Aliandika kwamba amezaliwa karibu na ziwa lile, anaiona kambi kutoka dirisha la chumba chake, na hakuwahi kuogelea upande ule mpaka alipoajiriwa kuosha vyombo vya watoto wanaoogelea huko. Aliandika kwamba maji ni yale yale, ila upande ule yana jina zuri zaidi. Hakujua anajaribu kusema nini, na mwishoni mwa insha alikiri hivyo.

Bi. Haskell aliisoma mara mbili. Alivua miwani. "Hii ama wataipenda sana, ama hawataielewa kabisa."

"Ipi kati ya hizo?"

"Sijui, mwanangu," alisema Bi. Haskell, na Tessa akamwonea huruma, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Majibu yalikuja majira ya baridi yakielekea kuisha, theluji bado imelala kando ya barabara. Chuo kikuu cha jimbo kilimkubali. Chuo kidogo chenye sifa alichokitamani kuliko vyote kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, kisha kikamkataa. Kingine, huko Ohio, alichoomba kwa sababu tu mama Fournier alikitaja kwa Darlene, kilimkubali kwa maneno matamu, na msomaji mmoja akaongeza kwa kalamu kwamba habari ya ziwa ilimfurahisha. Tessa aliutazama mstari huo mara nyingi. Ilimfurahisha vipi? Alicheka?

"Umeingia au hukuingia?" Wendell aliuliza.

"Nimeingia kwingine, kwingine sikuingia."

"Kwa ajili ya kambi?"

"Hawasemi, baba."

"Na yule wa panya?" aliuliza Darlene. "Mama Fournier ananiambia kaacha chuo. Karudi nyumbani, analala tu mchana kutwa."

Hollis alituma ujumbe mwezi wa nne. Alikuwa amekubaliwa mahali pazuri, si pale alipoahidiwa na mshauri wake. "Niliifuta," aliandika. "Nikaandika kuhusu sponji yenye pande mbili. Mshauri alikasirika, sasa anasema lilikuwa wazo lake. Nisingeifuta ile ya kwanza, ningeingia pale? Wewe unaonaje?" Tessa alianza kumjibu mara kadhaa. Mwishowe aliandika "Asante," akaituma, akaona ni fupi mno kwa kitu kikubwa namna ile, lakini hakuwa na kingine.

Mwezi wa tano Bi. Haskell alimwomba aongee na wanafunzi wa madarasa ya chini, awaeleze jinsi kazi ya kambini ilivyomsaidia kuingia chuo. Tessa alisimama mbele yao, akaeleza kupiga kasia, kuosha sufuria na dawa ya mbu, kisha akafika mahali pa kusema ilimsaidiaje, akakwama.

"Kwa hiyo dada, tuende au tusiende?" aliuliza msichana mmoja wa mbele, Maddie Cyr.

"Mimi mwenyewe sijui ni kipi kilichofanya nini," alisema Tessa. "Huenda ilisaidia. Huenda wangenichukua hata ningekaa ghalani kwa shangazi. Niliulizauliza watu, kila mtu akanipa jibu lake."

"Sasa sisi tuandike nini hapa?"

Nyuma ya darasa Bi. Haskell alikuwa amejishika kichwa.

"Jikoni wanatafuta mtu," Tessa alisema. "Hilo nina uhakika nalo."

Jioni ile ile Ginny alimpigia simu. Alitaka kujua kama atarudi kiangazi hiki kabla ya kwenda kwenye chuo cha Ohio alichokichagua, na Tessa alisema atarudi.

"Wasichana wako karibu wote wamejiandikisha," alisema Ginny. "Blythe kaomba kibanda chako kwa barua ya kurasa nne. Na Cleo anarudi. Ila, Tessa, kuna kitu sikukielewa. Ameomba asiwekwe na wewe. Mligombana?"

Tessa aliketi kwenye ngazi. Ilimwuma, tena palipo ndani hasa, na aliona upumbavu kuumwa. Alifikiri juu ya mtoto anayepaswa kula, kucheza na kuogelea kiangazi kizima mbele ya macho ya mtu mmoja anayejua. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda sivyo, labda alichoshwa tu na sauti yake asubuhi.

"Hapana," alisema. "Hatukugombana."

"Basi tatizo nini?"

"Sijui, Ginny. Mweke kwenye kibanda cha Rosalie."

"Kwa nini Rosalie? Mbona mkali yule."

"Anaamka mapema," alisema Tessa. "Na haulizi maswali."

Ginny akasema haya, atamweka kwa Rosalie, kisha akahamia habari ya maboya mapya ya kuogelea, na Tessa akamsikiliza mpaka mwisho.